Mitambo Iliyosahauliwa

1. Kilichofunikwa hakisifiwi

Ipitapo motakaa nzuri njiani, watu husimama kuitazama. Mmoja husifu rangi yake, wa pili husifu viti vyake vya ngozi, wa tatu humsifu dereva kwa wepesi wa mikono yake. Ni nadra kumsikia mtu akiusifu mtambo. Na sababu yake si ngumu kuifahamu: mtambo umefunikwa kwa bamba, umejaa mafuta na masizi, wala haufunuliwi ila siku ulipoharibika. Na siku hiyo hautajwi kwa sifa, bali kwa manung'uniko. Walakini motakaa isiyo na mtambo ni kibanda tu chenye magurudumu.

Katika somo hili tutajifunza habari za mitambo michache ya mbio iliyoundwa katika nchi ya Marekani tangu mwaka 1921, na za mafundi walioiunda. Watu wengi wakitaja motakaa za Marekani za siku hizo hukumbuka Ford ya Model T. Nayo yastahili kukumbukwa, maana zilitengenezwa milioni 15 na zaidi tangu mwaka 1908 hata mwaka 1927. Lakini hiyo ilikuwa gari la mkulima na la mwenye duka. Haikuundwa kwa ajili ya mbio. Mtambo wake ulikuwa na ukubwa wa lita 2.9, na nguvu zake zilikuwa nguvu za farasi 20 tu.

Wakitaja motakaa za mbio, watu hao hao hugeukia Ulaya, wakataja Bugatti, na Mercedes, na Alfa Romeo. Kwa hiyo wengine hudhani kwamba Wamarekani wa zamani zile walijua kuunda magari mengi kwa bei rahisi, lakini hawakujua kuunda mtambo mwepesi wenye nguvu nyingi. Dhana hiyo si kweli, na sasa tutaona kwa nini si kweli.

2. Jinsi mtambo upatavyo nguvu

Kwanza na tufahamu kazi ya mtambo. Ndani yake mna mitungi ya chuma iitwayo silinda, na ndani ya kila silinda mna pistoni, ipandayo na kushuka kama mchi ndani ya kinu. Kazi yake ni ya hatua nne. Katika hatua ya kwanza pistoni hushuka, nayo huvuta hewa iliyochanganyika na petroli kupitia katika kilango kiitwacho vali. Katika hatua ya pili hupanda na kuikandamiza hewa ile. Ndipo cheche ya umeme inapoiwasha, nayo hewa iliyowaka hutanuka kwa nguvu na kuisukuma pistoni chini. Hiyo ndiyo hatua ya tatu, na katika hatua nne ni hiyo peke yake iletayo nguvu. Katika hatua ya nne pistoni hupanda tena na kuutoa moshi kupitia katika vali nyingine.

Basi fundi atakaye nguvu zaidi ana njia tatu. Njia ya kwanza ni kuufanya mtambo kuwa mkubwa. Lakini mtambo mkubwa ni mzito, na uzito ni adui wa mbio. Njia ya pili ni kuufanya uzunguke upesi zaidi, ili hatua ile ya nguvu ije mara nyingi katika dakika moja. Njia ya tatu ni kuingiza hewa nyingi zaidi katika kila silinda.

Katika mtambo wa Ford ya Model T vali zilikaa ubavuni mwa silinda, hewa ikaingia kwa kupinda kona, kama mtu apitaye katika mlango mwembamba na mzigo kichwani. Mafundi wa mbio walizipandisha vali juu ya silinda, nao wakaweka juu yake fito mbili za chuma zenye vinundu. Fito zikizunguka, vinundu husukuma vali na kuzifungua kwa wakati wake. Wa kwanza kufanikiwa sana kwa namna hii walikuwa Wafaransa wa Peugeot mwaka 1912, nao wakaenda Marekani wakashinda mbio kubwa za Indianapolis mwaka 1913. Wamarekani walipoona hayo hawakuona haya kujifunza.

3. Ndugu wawili Duesenberg

Fred na August Duesenberg walizaliwa Ujerumani, Fred mwaka 1876 na August mwaka 1879. Walikuja Marekani wangali watoto, wakakaa katika jimbo la Iowa. Fred alianza kwa kutengeneza baiskeli na kushindana nazo, na baadaye ndugu hao wawili wakaingia katika kazi ya mitambo.

Mwaka 1921 waliunda motakaa za mbio zenye mtambo wa silinda nane zilizopangwa katika mstari mmoja. Ukubwa wa mtambo ulikuwa lita 3, na kila silinda ilikuwa na vali tatu. Tena magurudumu yote manne yalikuwa na breki zilizosukumwa kwa maji ya dawa yaliyomo ndani ya mabomba, na siku zile breki za namna hiyo zilikuwa jambo geni. Wakazipeleka motakaa nne Ufaransa kwa mbio kubwa za Le Mans za mwezi wa Julai.

Hata kabla ya siku yenyewe yalitokea mashaka. Dereva wao mmoja, Jimmy Murphy, alipata ajali katika mazoezi; motakaa ilipinduka, naye akaumia mbavu. Siku ya mbio ilipofika alifungwa vitambaa kifuani, akapanda garini vivyo hivyo. Njia ilikuwa ya udongo na kokoto, na magurudumu yaliichimbua hata mawe yakaruka kama risasi. Mbio zilikuwa za mizunguko 30, yapata kilomita 517. Karibu na mwisho jiwe lilitoboa rejeta, maji ya kupoza mtambo yakaanza kumwagika, na kisha mpira wa gurudumu moja ukapasuka. Walakini mtambo ule haukukwama. Murphy alifika wa kwanza, akamtangulia wa pili kwa karibu dakika 15. Huyo wa pili alikuwa Ralph DePalma, aliyeendesha Ballot, gari la Kifaransa.

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Mmarekani kushinda mbio kubwa za Ulaya kwa gari la Kimarekani. Hakutokea mwingine wa kufanya hivyo hata mwaka 1967, Dan Gurney aliposhinda katika Ubelgiji. Na hata gari la Gurney, mtambo wake uliundwa Uingereza.

Mwezi wa Desemba 1928 ndugu hao walionyesha watu motakaa nyingine, Model J, gari la matajiri. Mtambo wake ulikuwa wa lita 6.9, wenye fito mbili juu na vali nne katika kila silinda, nao ulisemwa kuwa na nguvu za farasi 265, na magari mengi mazuri ya wakati ule hayakufikia hata nusu ya hizo. Fred alifariki mwaka 1932 kwa majeraha ya ajali ya njiani, na mwaka 1937 kiwanda kilifungwa. Leo watu huyatazama magari hayo katika nyumba za makumbusho, wakastaajabia taa zake na mabawa yake. Lakini ni wachache waombao bamba lifunguliwe wauone mtambo.

4. Harry Miller na wenziwe

Harry Miller alizaliwa mwaka 1875 katika jimbo la Wisconsin. Alipata fedha kwanza kwa kutengeneza kabureta, yaani kifaa kichanganyacho hewa na petroli. Kiwanda chake kilikuwa Los Angeles, na wenziwe wawili wastahili kutajwa pamoja naye. Wa kwanza ni Fred Offenhauser, fundi wa kukereza chuma. Wa pili ni Leo Goossen, mchoraji wa ramani, aliyekuja kiwandani mwaka 1919. Miller aliona jambo akilini. Goossen akalichora kwa vipimo halisi. Offenhauser akalifanya kuwa chuma. Kila mmoja alimhitaji mwenziwe, wala hakuna mmoja angaliweza kazi hiyo peke yake.

Kabla ya Goossen kuja, Peugeot moja ya mbio ililetwa kiwandani kwa Miller, mtambo wake umevunjika. Katika kuutengeneza upya, Miller na Offenhauser waliyaona kwa macho yao yote waliyoyafanya Wafaransa. Yaliyo mema wakayashika, na yaliyowezekana kutengenezwa vema zaidi wakayatengeneza.

Mwaka 1926 amri ya mbio ilikuwa kwamba mtambo usizidi lita 1.5. Miller akaunda mtambo wa silinda nane ndogo, hata yaliyoingia katika silinda moja hayakujaza kikombe cha chai. Lakini aliutia mashine ya kusukuma hewa. Wanafunzi, mmemwona mhunzi akivuta mivukuto yake: makaa yaliyokuwa mekundu huwa meupe kwa moto, si kwa kuongezwa makaa, bali kwa kuongezwa hewa. Ndivyo ilivyokuwa kwa mtambo huu. Uliweza kuzunguka mara 7,000 kwa dakika, na nguvu zake zilipita za farasi 150. Hesabuni wenyewe: Ford ya Model T ilitoa nguvu kama 7 kwa kila lita, mtambo wa Miller ulitoa zaidi ya 100 kwa kila lita.

Kijana aitwaye Frank Lockhart alishinda Indianapolis mwaka 1926 kwa motakaa ya Miller. Aliona kwamba hewa ikisukumwa sana hupata moto, na hewa yenye moto hutanuka, basi haiingii ya kutosha. Akabuni njia ya kuipoza kabla haijaingia katika silinda. Mwaka 1927, katika uwanda mkavu wa Muroc huko California, alikwenda mwendo wa kilomita 264 kwa saa, kwa mtambo ule wa lita 1.5 tu. Mwaka uliofuata aliunganisha mitambo miwili ya namna hiyo katika gari moja, akataka kuvunja rekodi ya dunia pwani ya Daytona. Mpira wa gurudumu ulipasuka, naye akafa. Mtambo ulikuwa tayari kwa mwendo ule, lakini mpira haukuwa tayari. Kwa hiyo tukumbuke kwamba gari si mtambo peke yake.

Mwaka 1929 dereva mwingine, Leon Duray, alichukua motakaa mbili za Miller kwenda Ulaya. Ettore Bugatti alipoziona alizitamani, akampa Duray magari matatu ya kiwanda chake kwa kubadilishana na hizo mbili. Kisha akazichunguza, na mwaka 1931 kiwanda chake kikatoa motakaa ya mbio yenye fito mbili juu ya vali, kwa mfano wa Miller. Angalieni basi: Mmarekani alijifunza kwa Mfaransa, naye akayatengeneza aliyojifunza, kisha fundi wa Ufaransa akajifunza kwa Mmarekani. Elimu haina mwenyewe, wala haina mpaka.

5. Mtambo mdogo uliodumu

Mwaka 1929 biashara ya Marekani ilianguka, na taabu ikaenea. Mwaka 1930 amri ya mbio za Indianapolis ikabadilishwa, mashine za kusukuma hewa zikakatazwa katika mitambo mingi, na mitambo mikubwa ikaruhusiwa. Mitambo midogo ya Miller, ambayo jana yake ilikuwa kama dhahabu, ikakosa wanunuzi. Miller alikuwa hodari wa chuma, lakini hakuwa hodari wa hesabu za fedha. Mwaka 1933 alifilisika, na mwaka 1943 akafariki.

Mtu angaliweza kusema, "Habari zimekwisha." Lakini palikuwa na mtambo mmoja ambao haukusifiwa sana. Miller alikuwa ametengeneza mtambo wa silinda nne kwa ajili ya mashua za mbio. Mwaka 1930 mtambo wa namna hiyo ulitanuliwa ukatiwa katika motakaa, nayo ikawa ya pili katika mbio za Indianapolis. Miller alipofilisika, Offenhauser alinunua baadhi ya mashine na vielelezo vya kiwanda, akaendelea kuutengeneza mtambo ule, naye Goossen akaendelea kuuchora.

Haukuwa mtambo wa fahari. Ulikuwa na silinda nne tu, ambapo wengine walijivunia nane. Lakini ulikuwa na fito mbili, na vali nne kwa kila silinda. Tena silinda na kichwa chake vilisubiwa kuwa kipande kimoja cha chuma, hata pasiwe na kiungo cha kuvuja moto ulipozidi. Motakaa yenye mtambo wa Offenhauser ilishinda Indianapolis kwa mara ya kwanza mwaka 1935. Mwaka 1946 Offenhauser aliiuza kazi yake kwa Louis Meyer na Dale Drake, nao wakaiendeleza. Tangu mwaka 1947 hata mwaka 1964, miaka 18 mfululizo, mtambo huo ulishinda kila mwaka pasipo kukosa. Mara ya mwisho ulishinda mwaka 1976. Jumla ya ushindi wake ni 27. Goossen alifariki mwaka 1974, na mtambo aliouchora katika ujana wake ulikuwa ungali ukishinda.

6. Kwa nini tuwakumbuke

Twaweza kuuliza, Mbona mitambo hii haikupata sifa sawasawa na ya Ulaya? Sababu ni nyingi. Viwanda vyenyewe vilikufa, na kiwanda kilichokufa hakina wa kukitangaza. Motakaa za Miller zilikuwa chache, nazo zilishindana zaidi katika viwanja vya Marekani, ambako watu wa nchi nyingine hawakuziona. Na sababu kubwa ni ile tuliyoitaja mwanzo: jicho huona rangi, halioni pistoni.

Walakini kazi njema haipotei kabisa. Zile motakaa mbili alizozichukua Bugatti zilikaa kiwandani kwake Molsheim miaka 30, zikiingia vumbi. Mwaka 1959 mwandishi Mmarekani, Griffith Borgeson, alizikuta huko, akazitambua, na zikarudishwa kwao. Laiti angekuja mtu asiyejua kutazama, angaliona mabati makuukuu tu.

Wahenga walisema: Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Basi, mwanafunzi, uonapo daraja, au saa, au cherehani, au motakaa, usiishie kuitazama sura yake. Uliza, Ni nani aliyeifikiri? Ni nani aliyeichora? Ni nani aliyeikereza kwa mkono wake? Mara nyingi utaona kwamba jina lililoandikwa juu ni moja, na mikono iliyofanya kazi ni mingi.

Maneno ya kufahamu

Fito: vipande vyembamba na virefu, hapa, vyuma vizungukavyo juu ya vali.
Kukereza: kukata na kulainisha chuma au mti kwa mashine izungukayo.
Kusubu: kuyeyusha chuma na kukimimina katika kielelezo.
Mivukuto: mifuko ya mhunzi ya kupulizia moto hewa.
Rejeta: tangi la maji ya kupoza mtambo, likaalo mbele ya motakaa.
Kufilisika: kuishiwa na mali hata kushindwa kulipa deni.

Maswali

1. Taja hatua nne za kazi ya pistoni. Ni ipi iletayo nguvu?
2. Kwa nini si vema kuongeza nguvu za motakaa ya mbio kwa kuufanya mtambo kuwa mkubwa tu?
3. Ni mashaka gani yaliyompata Jimmy Murphy kabla ya mbio za Le Mans na katika mbio zenyewe?
4. Eleza kazi ya Miller, ya Goossen na ya Offenhauser. Je, ni nani kati yao aliye mkuu? Toa sababu zako.
5. Kwa nini Lockhart alitaka kuipoza hewa kabla haijaingia katika silinda?
6. Mtambo wa Model J ulikuwa wa lita 6.9 na nguvu za farasi 265. Hesabu nguvu zake kwa kila lita moja, kisha uzilinganishe na za Ford ya Model T na za Miller.
7. Andika insha fupi juu ya kitu kimoja kitumikacho nyumbani kwenu ambacho watu hukitumia kila siku bila kumkumbuka aliyekitengeneza.